Egal: Waziri Mkuu wa Somalia aliyethubutu kuzima vita vya shifta

MNAMO Oktoba 28, 1967 mjini Arusha, viongozi wawili ambao nchi zao zilikuwa zimeumizana kwa takriban miaka minne waliafikiana kuhusu waraka mfupi uliokusudiwa kuzima moto wa mpakani.

Mmoja alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa Kenya. Wa pili alikuwa Mohamed Haji Ibrahim Egal, mwanasiasa wa miaka 39 ambaye alikuwa ameshikilia wadhifa wa Waziri Mkuu wa Somalia kwa miezi michache tu. Kando yao walikuwepo Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, aliyekuwa msuluhishi, na mwenyeji wao Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania.

Wakenya wengi wanalikumbuka jina la Kenyatta katika kisa hicho. Ni wachache wanaomkumbuka Egal, licha ya kuwa ndiye aliyekuwa na mengi zaidi ya kupoteza. Kenyatta alikwenda Arusha kulinda mpaka uliokuwa tayari mikononi mwake. Egal alikwenda kuwaambia wananchi wake, kwa vitendo kama si kwa maneno, kwamba sera waliyoiimba tangu siku ya uhuru ilikuwa imeshindwa.

Maisha ya kiongozi huyo, aliyeaga dunia mwaka 2002, yanatoa nafasi nzuri ya kuuliza swali ambalo bado linazisumbua Nairobi na Mogadishu hadi leo. Sera ya nchi kuhusu jirani ambaye ni hasimu yake hupimwa kwa kigezo gani? Ni kwa ukali wake, kwa uaminifu wake kwa ndoto ya taifa, au kwa matunda yake?

Mwana wa mfanyabiashara

Egal alizaliwa mwaka 1928 huko Oodweyne, katika eneo lililokuwa chini ya himaya ya Uingereza kaskazini mwa nchi ya Wasomali. Babake alikuwa mfanyabiashara mwenye mali, na bandari ya Berbera ilikuwa dirisha la familia hiyo kwa ulimwengu wa nje. Kijana huyo alipata elimu nyumbani kisha nchini Uingereza, jambo lililokuwa nadra kwa vijana wa rika lake.

Malezi hayo ya kibiashara yalimwachia tabia ambayo haikumtoka maishani. Alipima mambo kwa faida na hasara. Wenzake wengi katika siasa walikuwa mahiri wa mashairi na hotuba za kuchoma moyo. Yeye alikuwa hodari wa mapatano.

Aliingia katika siasa kupitia chama cha Somali National League na kufikia mwaka 1960 alikuwa kinara wa serikali ya eneo hilo. Juni 26, 1960 Uingereza ilipoipa Somaliland uhuru, Egal ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu.

Taifa hilo lilidumu kwa siku tano pekee. Julai 1, 1960 liliungana na Somalia ya kusini, iliyokuwa chini ya Italia, na Jamhuri ya Somalia ikazaliwa. Egal alikuwa ameipeleka nchi yake katika muungano kwa hiari, akakubali kushuka cheo na kuwa waziri katika serikali iliyoongozwa na Abdirashid Ali Shermarke.

Hata hivyo, ndoa hiyo ilianza kuonyesha nyufa mapema. Katika kura ya maoni kuhusu katiba Juni 1961, wengi wa waliopiga kura kaskazini waliikataa. Egal mwenyewe aliondoka serikalini mwaka 1962 na kujiunga na upinzani, na alikaa nje kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi katika chama tawala cha Somali Youth League.

Nyota yenye ncha tano

Ili kuielewa hatua ya Egal mjini Arusha, sharti kwanza tuielewe sera aliyoirithi.

Bendera ya Somalia ina nyota nyeupe yenye ncha tano. Kila ncha iliwakilisha eneo la Wasomali: Somaliland ya Waingereza, Somalia ya Waitaliano, eneo lililotawaliwa na Ufaransa ambalo leo ni Djibouti, Ogaden iliyo Ethiopia, na Wilaya ya Mpakani Kaskazini nchini Kenya, maarufu kama NFD. Ncha mbili zilikuwa zimekwisha kuungana. Tatu zilikuwa bado, na katiba ya mwaka 1960 iliitaka serikali ijitahidi kuziunganisha kwa njia za kisheria na za amani.

Hiyo haikuwa sera ya wizara moja bali ilikuwa nguzo ya taifa lenyewe. Serikali yoyote ya Mogadishu ambayo ingeonekana kulegea ingetajwa kuwa msaliti.

Na haikosi kusemwa kuwa madai hayo yalikuwa na mashiko. Mipaka ilikuwa imechorwa na wakoloni ambao hawakuwauliza wafugaji wa Mandera, Wajir wala Garissa wanataka kuwa wapi. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Uingereza ilizuru NFD na kubaini kwamba wengi wa Wasomali wa huko walipenda kujiunga na Somalia. Wakati huo huo, zilikuwepo jamii nyingine, wakiwemo baadhi ya Waborana, ambazo zilitaka kusalia Kenya.

Kenyatta na Ronald Ngala, mahasimu wakuu wa siasa za Kenya wakati huo, walizuru Mogadishu mwaka huo wa 1962. Walitofautiana kuhusu mengi nyumbani, lakini kuhusu suala hili msimamo wao ulikuwa mmoja: hakuna kipande cha ardhi ambacho kingemegwa.

Uingereza iliamua mnamo Machi 1963 kuwa eneo hilo lingesalia Kenya na kuwa jimbo la saba la nchi hiyo. Somalia ikakasirika na kuvunja uhusiano wake wa kibalozi na London. Wakazi wengi wa Kaskazini Mashariki nao wakasusia uchaguzi wa Mei 1963. Mazungumzo yaliyofanywa mjini Roma Agosti mwaka huo yaliambulia patupu.

Damu ilikuwa imekwisha kuanza kumwagika. Juni 1963 Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido walipokuwa katika shughuli za kuwarai wakazi waunge mkono Kenya. Barabara iliyo katikati mwa jiji la Nairobi inaitwa kwa jina la Wabera, ingawa wengi wa wanaoipita kila asubuhi hawajui asili yake.

Hesabu ya hasara

Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963. Kabla ya mwezi huo kwisha, serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari katika Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta vilikuwa vimeanza.

Somalia haikutangaza vita rasmi, bali iliwapa wapiganaji silaha, mafunzo na mahali pa kukimbilia, huku redio ya Mogadishu ikirusha matangazo ya kuwachochea wakazi wa upande wa pili wa mpaka. Vituo vya polisi vilishambuliwa, magari yakavamiwa, na baadaye mabomu ya kutegwa ardhini yakaanza kuzifanya barabara za kaskazini kuwa mitego ya mauti.

Je, sera hiyo ilizaa nini? Tukiitazama kwa macho ya mhasibu, jinsi Egal alivyopenda kuyatazama mambo, majibu yanasikitisha.

Kwanza, haikuipatia Somalia hata hatua moja ya ardhi. Badala yake iliwaunganisha maadui zake. Kenya na Ethiopia, nchi ambazo zilikuwa na sababu chache za kushirikiana kijeshi, zilifunga mkataba wa ulinzi mwishoni mwa 1963. Somalia ikajikuta imezingirwa.

Pili, iliitenga Somalia barani Afrika. Katika mkutano wa Cairo wa Julai 1964, Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Takriban kila nchi ya bara hili ilikuwa na kabila lililogawanywa na mpaka, na hakuna kiongozi aliyetaka kulifungua sanduku hilo. Somalia ilipolikataa azimio hilo, haikuwa tena inabishana na Kenya pekee. Ilikuwa inabishana na Afrika.

Tatu, iliifilisi. Nchi maskini iliyotegemea mifugo na ndizi ilijitwika mzigo wa kujenga jeshi kubwa. Mwaka 1963 ilikubali msaada wa kijeshi wa Muungano wa Kisovieti wenye thamani ya takriban dola milioni 30 za Marekani. Mapema mwaka 1964 ilipigana na Ethiopia mpakani hadi pale OAU na Sudan zilipoingilia kati. Mwaka 1966 Kenya ilipiga marufuku biashara na usafiri kati yake na Somalia. Mfereji wa Suez ulipofungwa Juni 1967 kutokana na vita vya Mashariki ya Kati, ndizi za Somalia zilizokuwa zikiuzwa Italia zikawa hazina njia ya karibu ya kufika sokoni.

Nne, na pengine hili ndilo zito kuliko yote, iliwaumiza watu wale wale ambao Somalia ilidai kuwatetea. Serikali ya Kenya ilijibu kwa mkono wa chuma. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, mifugo yao ikatwaliwa au kufa kwa kukosa malisho, na raia wengi wasio na hatia wakauawa. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia.

Njia ya Arusha

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa Shermarke alipochaguliwa kuwa Rais Juni 1967 na kumteua Egal kuwa Waziri Mkuu mwezi uliofuata.

Uteuzi huo una kinaya chake. Shermarke ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati Somalia ilipochukua msimamo mkali katika miaka ya kwanza ya uhuru. Sasa alikuwa amemchagua mtu ambaye angelegeza kamba ile ile.

Egal hakuutupa mbali msimamo wa taifa lake. Hakuna aliyemsikia akitangaza kuwa Wasomali wa Kenya si Wasomali, au kwamba nyota ya bendera ipunguzwe ncha. Alichofanya ni kutenganisha lengo na njia. Kwa mtazamo wake, ikiwa katiba ilitaka umoja upatikane kwa amani, basi bunduki mpakani zilikuwa zinaivunja katiba hiyo na kuurudisha nyuma umoja wenyewe. Ikiwa Wasomali wa Kenya wangeishi kwa utulivu, wakafanya biashara na jamaa zao bila kupigwa risasi, huenda siku moja mazungumzo yangewezekana. Ikiwa wangeendelea kufa, mazungumzo yasingekuwepo kamwe.

Mnamo Septemba 1967 viongozi wa OAU walikutana Kinshasa. Huko Kaunda alikubali kuwa msuluhishi, na ujumbe wa Kenya na wa Somalia ukatoa tamko la pamoja la kuheshimu uhuru na mamlaka ya kila upande. Mwezi uliofuata, pande zote zilikuwa Arusha.

Nyerere alikuwa amejaribu kuwapatanisha katika mji huo huo Desemba 1965 akashindwa. Tofauti safari hii haikuwa kwa msuluhishi tu. Ilikuwa kwamba Mogadishu ilikuwa imempata kiongozi aliyekuwa tayari kuhesabu hasara.

Maafikiano yenyewe yalikuwa ya kawaida tu ukiyasoma leo. Pande hizo mbili zilikubaliana kurejesha uhusiano mwema, kukomesha propaganda za uhasama katika vyombo vya habari, kulegeza hatua kwa hatua masharti ya hali ya hatari, kufungua tena njia za biashara na ubalozi, na kuunda kamati ya Kenya, Somalia na Zambia ya kufuatilia utekelezaji. Suala la nani mwenye ardhi halikutatuliwa. Liliwekwa kando.

Ndipo penye siri ya mapatano yale. Laiti wangelazimishana kulitatua, wangeondoka Arusha jinsi walivyoingia. Kwa kuliacha, kila mmoja alirudi nyumbani akiwa na kitu cha kuwaonyesha wananchi wake. Bunge la Somalia liliidhinisha hatua hiyo, na mapema mwaka 1968 uhusiano wa kibalozi kati ya Nairobi na Mogadishu ulirejeshwa. Mashambulizi yalipungua mno. Malori yakaanza tena kusafiri.

Bei ya amani nyumbani

Maadamu hesabu ilikuwa imelingana, mtu angedhani Egal angepokelewa nyumbani kama shujaa. Haikuwa hivyo.

Wapo waliomwona kama mtu aliyeuza damu ya Wasomali kwa bei ya chini. Ndani ya chama chake mwenyewe kulikuwa na vigogo ambao hawakumsamehe. Kwa wapiganaji waliokuwa wameachwa msituni, na kwa familia zilizokimbilia Somalia kutoka Kenya, Arusha ilikuwa jina la usaliti. Marekani nayo ilimkaribisha Washington mwaka 1968, jambo lililowapa wapinzani wake kisingizio cha kumwita kibaraka.

Hata hivyo, kilichomwangusha Egal hakikuwa sera yake ya nje. Kilikuwa siasa zake za ndani. Katika uchaguzi wa Machi 1969, zaidi ya vyama 60 vilishiriki, vingi vikiwa vya koo. Madai ya wizi wa kura yalitapakaa. Baada ya matokeo kutangazwa, takriban wabunge wote wa upinzani walihamia chama tawala ili wapate kula. Mtu aliyekuwa bingwa wa mapatano alikuwa amegeuza bunge kuwa soko.

Oktoba 15, 1969 Rais Shermarke aliuawa kwa kupigwa risasi na mlinzi wake mjini Las Anod. Egal, aliyekuwa ziarani ng'ambo, alirejea na kuanza kutafuta mrithi bungeni. Lakini usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1969 jeshi lilitwaa mamlaka chini ya Jenerali Mohamed Siad Barre.

Jeshi hilo ndilo lile lililokuwa limejengwa kwa ajili ya ndoto ya kukamilisha ncha za nyota. Halikuwa limeiteka Garissa wala Jijiga. Liliiteka Mogadishu.

Egal alitiwa kizuizini kwa miaka kadhaa. Aliachiliwa katikati ya miaka ya sabini, akateuliwa balozi nchini India, kisha akakamatwa tena na kufungwa hadi mwaka 1985. Kwa jumla alipoteza zaidi ya miaka kumi ya maisha yake nyuma ya kuta za magereza ya Barre.

Wakati huo, Barre alikuwa akiijaribu njia ya zamani. Mwaka 1977 aliyapeleka majeshi yake Ogaden. Muungano wa Kisovieti ulimgeuka na kuisaidia Ethiopia, Cuba ikatuma wanajeshi, na kufikia Machi 1978 Somalia ilikuwa imeshindwa. Kushindwa huko kulizaa manung'uniko, wakimbizi na uasi ambao hatimaye uliibomoa dola yenyewe mwaka 1991. Mtaka yote hukosa yote.

Mwaka 1981, viongozi wa OAU walipokutana Nairobi, Barre mwenyewe alitangaza kuwa Somalia haikuwa na madai ya ardhi dhidi ya Kenya. Alikuwa amefika pale alipokuwa Egal miaka 14 awali, lakini kwa njia iliyopita juu ya maelfu ya makaburi.

Upande wa Kenya

Haitakuwa haki kuipima sera ya Somalia bila kuipima ya Kenya.

Ukichukua kigezo cha mpaka, Kenya ilishinda. Hakuna ardhi iliyomegwa. Mkataba na Ethiopia ulidumu hata baada ya Mfalme Haile Selassie kupinduliwa mwaka 1974 na utawala wa kijeshi wenye itikadi tofauti kabisa kushika hatamu. Katika OAU, hoja ya Kenya ilikubalika.

Lakini sera ya nje ya Kenya ilikuwa na uso wa ndani, na huko ndiko iliposhindwa. Waraka wa Arusha uliahidi kulegeza masharti ya hali ya hatari. Ahadi hiyo haikutimizwa ipasavyo. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali dhidi ya kushtakiwa kwa matendo yao wakati wa vita vya shifta. Hali ya hatari yenyewe iliendelea hadi mwaka 1991, miaka 24 baada ya vita kukoma.

Katika kipindi hicho, raia wa Kaskazini Mashariki waliishi chini ya sheria tofauti na wenzao wa Nyeri au Kisumu. Mauaji ya Wagalla, Wajir, Februari 1984 yalitokea mikononi mwa vyombo vya dola yao wenyewe. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walilazimishwa kupitia msasa maalumu ili kuthibitisha uraia wao. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotolewa mwaka 2013 iliyaweka mengi ya hayo wazi.

Kwa hivyo Kenya iliupata mpaka, lakini kwa muda mrefu haikujishughulisha kuwapata watu waliokuwa ndani yake. Huo ni ushindi wa nusu. Egal alikuwa ametimiza sehemu yake ya mapatano kwa gharama kubwa ya kisiasa. Nairobi ilijifaidi na utulivu, ikasahau sehemu yake.

Mpaka uliogeuka ngao

Kisa cha Egal kingeweza kuishia gerezani. Hakikuishia huko.

Dola ya Somalia iliposambaratika, eneo la kaskazini lilitangaza Mei 1991 kuwa limejitenga na kurudisha jina la Somaliland. Mei 1993 wazee wa koo waliokutana kwa miezi kadhaa mjini Borama walimchagua Egal kuwa rais wake. Mtu aliyeipeleka Somaliland katika muungano ndiye sasa aliyepewa jukumu la kuitoa.

Msingi wa dai la Somaliland ni kwamba mipaka yake ni ile iliyoachwa na Waingereza Juni 26, 1960. Yaani ni hoja ile ile ya Cairo, ambayo Somalia iliikataa mwaka 1964 na ambayo Kenya iliitumia kama ngao. Mipaka ya mkoloni, iliyolaaniwa katika kila hotuba ya Mogadishu, ikawa ndiyo hati ya kumiliki shamba mikononi mwa Egal.

Uongozi wake huko haukuwa bila doa. Mapigano ya koo yalizuka kati ya 1994 na 1996, uwanja wa ndege wa Hargeisa ukiwa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa. Walikuwepo waliodai kuwa aliwanufaisha mno wafanyabiashara waliomkopesha fedha. Lakini aliwashawishi wanamgambo wengi wasalimishe silaha, akaanzisha sarafu, akaifufua bandari ya Berbera na kujenga ujirani mwema na Ethiopia, nchi ambayo kizazi chake kilifundishwa kuichukia. Hata Saudi Arabia ilipozuia mifugo kutoka eneo hilo kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, serikali yake haikuporomoka. Mei 31, 2001 katiba mpya iliidhinishwa katika kura ya maoni.

Egal alifariki Mei 3, 2002 katika hospitali mjini Pretoria, Afrika Kusini, na akazikwa Berbera. Makamu wake, Dahir Riyale Kahin, aliapishwa bila risasi kufyatuliwa. Wakati huo hakukuwa na nchi hata moja iliyokuwa imeitambua Somaliland. Uwanja wa ndege wa Hargeisa leo unaitwa kwa jina lake.

Je, sera yake ilifaulu?

Jibu linategemea kigezo. Anayeuliza iwapo Egal aliirudisha NFD atamwita mshinde. Anayeuliza iwapo aliwazuia watu wasife, akafungua barabara na kuirejesha nchi yake katika baraza la Afrika, atakiri kuwa miaka miwili ya Egal ilifanikisha mengi kuliko miaka saba iliyotangulia.

Udhaifu wa sera yake ulikuwa mahali pengine. Aliijenga juu ya mapatano ya viongozi bila kuwaandaa wananchi, na akaichanganya na siasa chafu za nyumbani. Amani na jirani haiwezi kusimama iwapo serikali iliyoileta haina heshima mbele ya raia wake. Jeshi lilipompindua, halikulazimika kuishinda hoja yake kuhusu Kenya. Lilitumia uozo wa uchaguzi.

Mafunzo hayo hayajachakaa. Kenya ilipokea wakimbizi wa Kisomali Dadaab kuanzia 1991, ikatuma majeshi yake Somalia Oktoba 2011, na ikapelekwa na Somalia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa baharini, kesi ambayo hukumu yake ya Oktoba 12, 2021 Nairobi iliikataa. Desemba 2020 Mogadishu ilivunja uhusiano wa kibalozi na Kenya wakati rais wa Somaliland, Muse Bihi Abdi, alipopokelewa Nairobi. Ulirejeshwa mwaka 2021. Kivuli cha Egal kilikuwa chumbani pande zote mbili: katika mpaka aliokubali kuuheshimu na katika nchi aliyoiacha.

Katika kila mzozo huo, wanasiasa wa nchi zote mbili wamepata makofi kwa kutoa kauli kali. Lakini mama anayeuza maziwa Mandera, dereva wa lori la miraa na mwalimu anayehofia kupanda basi kwenda Wajir hawapimi sera kwa ukali wa kauli. Huipima kwa swali moja tu, ambalo ndilo Egal alilibeba hadi Arusha: je, barabara imefunguka, na je, waliosafiri jana wamerejea salama?